Siku Niliyojikana Ghalani Makote

Jamani, acheni nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Makote kila mtu anauhadithia mkasa huu kwa namna yake na kila namna inaniongezea aibu. Ni kweli nilisimama mbele ya ghala la korosho siku ya mnada, watu wamejaa, nikasema kwa mdomo wangu huu kwamba Silvanus Chilumba ni mlevi, elimu yake ya kubabaisha, na hata kwao hakujulikani. Silvanus Chilumba ni mimi. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, wala hakuna aliyenishikia fimbo. Na lile la ungo nalo ni kweli, ila lina mahali pake, nitafika, msinikimbize.

Mimi ni mtu wa kushuku, naomba mlijue hilo mapema. Mtu akinisifia shati naangalia kama kifungo kimekatika, na nikimiminiwa chai ofisini nasubiri aliyemimina anywe kwanza (nasingizia ya moto). Ugonjwa huu sikuuokota barabarani, nimeurithi kwa Mama. Mama Silva, pale Makote, hata katekista akimuuliza habari za watoto anajibu "wapo", halafu anausogeza mlango kidogo.

Sasa, nafundisha fizikia sekondari moja hapa Masasi na nina shahada ya uzamili. Nyumbani hakuna aliyewahi kuielewa hiyo uzamili, mjomba wangu aliniuliza, "Ndiyo kuzamia?" (na kuzamia, kama mnavyojua, ni kuingia kwenye sherehe ya watu bila kualikwa), nikamweleza wee, mwisho nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo. Walitegemea nitarudi bwana mkubwa, nikarudi kwenye chaki ile ile. Lakini kitu nilichokitaka tangu utotoni, na sikuwahi kumwambia mtu, kilikuwa ni kurusha ndege. Basi siku moja nikaona tangazo: jeshi linatafuta vijana wa kwenda kusomea urubani, wenye shahada za sayansi, na wenye shahada za juu zaidi wanakaribishwa. Nikasoma kipengele cha umri nikahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nipitwe, kwa sababu miaka yangu yote ilikuwa imeliwa na hiyo uzamili. Nikikosa hapo, nimekosa moja kwa moja.

Niliomba kimya kimya, nikaitwa. Nikapimwa macho, nikapimwa masikio, meno yakahesabiwa, nikakimbizwa, nikazungushwa kwenye kiti mpaka nikasahau jina la babu yangu, nikapewa mtihani wa hesabu ambao niliufanya nikitabasamu. Kwenye usaili afisa mmoja akaniuliza kwa nini mtu aliyesoma kiasi hicho asitafute ofisi yenye feni akakaa. Nikamwambia, "Afande, nimesoma miaka yote hiyo kwa nini kitu kizito kinakaa angani hakianguki, na sijawahi kukaa ndani yake." Wakatazamana. (Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mkasa huu ninayojivunia, kwa hiyo nimeiweka.) Mwisho wakaniambia, "Rudi kazini. Imebaki hatua moja, na hiyo ni ya kwetu, wewe huna la kufanya."

Mtu wa kawaida angeambiwa hana la kufanya, asingefanya. Mimi nikaanza kuwaza. Nani mwingine anajua? Nikamkumbuka Mwalimu Namwele.

Mwalimu Namwele anafundisha Kiswahili, meza yake imepakana na yangu, ni mtu mzima, mnene, ana upara na kicheko cha kuanzia tumboni. Karatasi yangu moja ya maombi ilibaki kwenye mashine ya fotokopi, yeye ndiye aliyeniletea, ameikunja vizuri, akaninong'oneza, "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Ukihitaji mtu wa kukusemea, nipo." Nyie mngemshukuru. Mimi nilijiuliza ameisoma mara ngapi. Tangu siku hiyo kila asubuhi, "Vipi, Rubani?", kwa sauti ya chini, na mimi moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Isitoshe mjini kulikuwa na maneno ya matapeli wanaofuata watu walioomba kazi, wanajifanya watu wakubwa, wanazunguka kwa wazazi. Nikaona nizibe ufa kabla ya kujenga ukuta.

Basi uamuzi wangu mdogo ulikuwa huu: nilimpigia Mama simu.

"Mama, akija mtu yeyote usiyemjua akaulizia habari zangu, sema hunijui."

"Nikukane?"

"Unikane."

"Ntoto wangu niliyenzaa kwa uchungu?"

"Hata akija na karatasi, Mama. Hata akisema nimemtuma mimi. Hata ukiniona nimeongozana naye, usikubali, huenda wamenikamata. Mpaka kwanza tuulizane lile neno letu."

"Neno lipi?"

"La siku ya ungo."

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema, "Hilo tulikubaliana halitamkwi tena duniani."

"Ndiyo maana linafaa," nikamjibu, na kwa kweli nilijiona nina akili za uzamivu kabisa.

Nisichokijua ni kwamba Mama akitumwa debe analeta gunia. Kesho yake alijifunga kanga akapita kitongoji kizima, nyumba kwa nyumba, akawaambia watu kuna wabaya wanamtafuta mwanawe, atakayesema anamjua basi damu ya mtoto iko juu yake. Mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe aliapa.

Zikapita wiki tatu. Jumanne moja niko kidato cha tatu nawafundisha mwanga na vioo, natupa jicho dirishani, namwona Mwalimu Namwele amekaa kwenye benchi nje ya ofisi na mtu nisiyemjua. Mtu wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu, kachomekea, bahasha ya kaki magotini, na viatu vinang'aa. Nawauliza nyinyi mnaoijua Masasi, kiangazi kile, vumbi lile, nani anatembea na viatu vinang'aa? Namwele anaongea na mikono yote miwili, yule mtu anaandika. Halafu Namwele akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye darasa langu. Nikainama chini ya meza, nikawaambia wanafunzi natafuta chaki, nikakaa huko mpaka msichana mmoja akasema, "Mwalimu, chaki unayo mkononi."

Baadaye nikamuuliza Namwele yule nani. Akacheka cheko lake, akasema, "Aa, mgeni tu." Mgeni tu! Nikajua nimeuzwa.

Jumatano saa nne asubuhi, Mama akapiga. "Amekuja."

"Nani?"

"Ntu wako. Shati jeupe, bahasha, viatu unaweza kujitazama. Kaniuliza kama mimi ndiye mama wa Silvanus Chilumba, nikamwambia sina ntoto wa jina hilo. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, baba, uchungu wa kuzaa hausahauliki, ningenzaa ningekumbuka."

"Vizuri sana, Mama! Yuko wapi sasa?"

"Kaenda ghalani kwenye mnada, anauliza watu. Watu wote wanamwambia hawajui." Nikasikia sauti yake imejaa fahari.

Hapo, wenzangu, kama ningerudi darasani nikamalizia vioo vyangu, huenda kungekuwa na namna ya kurekebisha. Lakini damu ilinichemka. Nikawapa wanafunzi kazi ya kuchora, nikatoka kama naenda msalani, nikamkamata Ally wa bodaboda, nikamwambia Makote, tena haraka. Tukapita Chiungutwa kwa njia za mikoroshoni ili tusionekane barabara kubwa (tusionekane na nani, Ally aliuliza, sikumjibu), tukapanda mlima, na tulipofika Makote, juu Newala, nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi soksi.

Ghalani watu walikuwa wengi, wamekaa juu ya magunia, wengine wamesimama na baiskeli zao, wanasubiri bei itangazwe. Na yule bwana amepewa kiti kivulini upande wa mizani, miguu ameikunja, anakunywa maji. Watu wananitazama, wananijua, halafu wanageuza nyuso kwa adabu, kila mmoja anakumbuka kiapo chake. Nilijisikia kama jemadari mwenye jeshi lake.

Mpango wangu niliupanga juu ya pikipiki. Tapeli anamfuata mtu mwenye matumaini, sivyo? Basi nitamwonyesha kwamba huyu Silvanus hana matumaini yoyote, atakata tamaa, ataondoka. Nikamwendea nikasimama mbele yake, bila hata salamu.

"Unamtafuta nani hapa?"

Akanitazama kwa upole, mtu wa kunizaa, akasema, "Marahaba."

Watu wakaguna. Hapo ningepaswa kuona aibu nikaamkia, lakini nikasema moyoni, ndio ujanja wao huo, wanakuanzia na adabu.

"Namtafuta Silvanus Chilumba," akasema. "Mwalimu. Unamfahamu?"

"Namfahamu kuliko mtu yeyote."

"Na wewe ni nani?"

Wallahi sikupanga. Jina lilitoka lenyewe, nadhani lilikuwa limekaa mdomoni tangu jana yake kwa uchungu. "Mwalimu Namwele," nikasema.

Yule bwana akainua macho. Akanitazama usoni, akaishia viatuni, akarudi usoni. Kisha akafungua kalamu, akaweka karatasi juu ya bahasha, akasema, "Endelea, Mwalimu Namwele."

Basi nikaendelea. Ee Mungu wangu, niliendelea. Nikamwambia huyo Silvanus ni mtu wa pombe. Akauliza pombe gani. Nikasema uraka, ile ya mabibo, na msimu wake ukiisha anahamia gongo. Akaandika. Akauliza elimu. Nikasema hiyo shahada yake ya uzamili hakuzamili chochote, alizamia tu, nikacheka mwenyewe, na watu wangu wakacheka kunisaidia. Akaandika. Akauliza tabia yake na wenzake kazini. Nikasema hamwamini mtu, ni mshari, hakuna anayekaa naye (hapo kidogo nilikaribia ukweli, nikaona niharakishe). Akauliza, "Na ni mzaliwa wa hapa?"

Ningesema ndiyo ningepungukiwa nini? Lakini nilishanogewa. "Hapa? Hapa si kwao. Nasikia walivuka tu mto Ruvuma kutoka ng'ambo, Msumbiji, wakajichomeka." Nyie mnaijua Newala, mnajua neno hilo lina uzito gani kwenye fomu yoyote ya serikali. Yule bwana akaacha kuandika kidogo, akawageukia watu, akauliza kama ni kweli. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyekula pilau ya ubatizo wangu na nadhani alirudia, akavua kofia akasema, "Kweli, nheshimiwa. Huyo Silvanus hapa hatuna. Hatujapata kuwa naye." Na nyuma yake wakaitikia, hatuna, hatuna.

Machozi yalinilenga kwa namna walivyokuwa wananipenda.

Yule bwana akafunga kalamu. Akaifungua bahasha taratibu, akatoa picha ndogo ya pasipoti, mandhari ya bluu, akaiweka kando ya sikio langu akalinganisha, mithili ya mtu anayechagua rangi ya mlango.

"Ukinawa uso, huyu ni nani?"

Nikajipangusa kope kwa mkono wa shati.

"Jana nimekaa na Mwalimu Namwele saa nzima," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ni mnene, ana upara, na alikusifia mpaka mkono wangu ukachoka kuandika. Alisema una kasoro moja tu, humwamini mtu. Nikamwambia kwa kazi yenyewe hiyo si kasoro kubwa." Akazitazama karatasi zake. "Mimi natumwa kuangalia jambo dogo sana. Mtu aliyefaulu kule, ana kwao? Ana mzazi? Majirani wanamjua? Basi. Kesho asubuhi karatasi hii inatakiwa kurudi, na mpaka sasa kila niliyemuuliza amesema hujulikani. Wewe mwenyewe ukiwemo."

Ndipo nikaelewa ile hatua moja iliyobaki ilikuwa nini. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu, kwa kuchelewa kote kule, akaitikia tena. Nikamwambia ni mimi, ni mimi Silvanus, naomba anisamehe, nilidhani yeye ni tapeli. Akasema, "Sawa. Nani hapa anathibitisha?"

Nikawageukia watu wangu. "Jamani, mwambieni."

Wanatazama magunia. Nikamshika mwenyekiti mkono, "Mzee wangu, mwambie, nimekubali mwenyewe, yamekwisha!" Mzee akautoa mkono wake taratibu, akamwambia yule bwana, "Nheshimiwa, ntu huyu leo ndiyo tunamwona." Na jicho moja akanikonyeza, kunipa moyo kwamba hatanisaliti.

Hapo ndipo Mama alipotokea. Kumbe watu walimpelekea habari. Anakuja mbio na kanga yake ya kanisani, watu wakampisha njia, nami nikashusha pumzi kwa sababu dunia nzima inaweza kukukana lakini mama ni mama. "Mama! Mwambie bwana huyu mimi ni nani!"

Mama akanitazama. Nilimwona anavyohangaika, anatazama mikono yangu kama imefungwa, anatazama shati jeupe, anatazama bahasha. Na mimi nikakumbuka maneno yangu mwenyewe: hata ukiniona nimeongozana naye, huenda wamenikamata.

"Simjui ntu huyu," akasema, na machozi yakamtoka.

"Mama, hapana, sasa hivi unijue!"

"Simjui! Mniache! Sina ntoto!"

Na jogoo aliyefungwa miguu kwenye baiskeli ya mtu akawika. Nawaapia siongezi chumvi, waulizeni waliokuwepo.

Yule bwana akaanza kurudisha karatasi kwenye bahasha, akasimama, akapangusa viatu vyake kwa leso. Nilimwona anavyoondoka na ndege yangu. Nikajua imebaki njia moja tu. Nikamsogelea Mama nikamnong'oneza, "Niulize lile neno."

"Sema kwa sauti," akasema Mama, "kama kweli ni wewe na hawajakutisha." Kisha akajifuta macho, akasimama wima kama hakimu, akauliza watu wote wakisikia, "Siku ya ungo, ulikuwa unafanya nini?"

Sasa niwaeleze. Nilipokuwa na miaka tisa, ndege ndogo ilipita juu ya nyumba yetu, chini chini, mpaka nikaona magurudumu. Sikulala vizuri wiki nzima. Alfajiri moja nikachukua nyungo mbili, nikazifunga kwa kamba kila mkono, nikapanda juu ya paa la jiko, nikaruka. Mama alitoka nje na kunikuta chini, nina chupi tu, nyungo mikononi, nimelowa. Na ninyi mnajua kwetu mtu kukutwa alfajiri uchi uchi na ungo kunamaanisha nini. Tena wiki hiyo mtoto wa jirani yetu, Mama Asumini, alikuwa mgonjwa sana, na watu walishaanza kuulizana nani anamroga. Mama hakunipiga. Alizichoma nyungo jikoni, akaniogesha, akatangaza nimeanguka nikichuma mabibo, na tangu asubuhi ile akaanza kumshuku kila anayeuliza habari zangu. Nilikuwa sijawahi kuwaza, mpaka nilipokuwa nimesimama pale ghalani, kwamba mashaka yake yote aliyabeba kwa ajili yangu.

"Nilikuwa naruka, Mama," nikasema.

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa ungo."

Hata waliokuwa mizanini wakaacha kupima. "Na nini kilikulowesha?" akauliza Mama.

Mimi, mwalimu wa fizikia, mwenye shahada ya uzamili, mtarajiwa wa anga la taifa, nikatamka kwa sauti, "Nilijikojolea."

"Huyu ni ntoto wangu!" Mama akapiga ukelele, akanikumbatia na vumbi langu lote. "Silvanus! Nimenzaa mimi, hapa hapa Makote, na baba yake kazikwa pale kanisani!"

Nilidhani watu watanirukia kwa habari ya ungo. Wakabaki wananitazama. Kisha Mama Asumini, mzee sasa, akanyanyuka kwenye gunia lake polepole, akanyoosha kidole. "Nyungo mbili?" akauliza. "Mama Silva, wewe ulikuwa na ungo mmoja. Ule mwingine ulikuwa wangu!" Akajipiga paja. "Miaka yote hii nimenshuku wifi yangu! Mpaka amekufa hatusemezani kwa ajili ya ungo!" Sijui nani alianza kucheka, lakini ghala zima lilipasuka, watu wakashikana mbavu, mwenyekiti akakaa chini, na vijana wakaanza hapo hapo kuitana kwa mikono iliyonyooshwa, wanazunguka magunia wanaunguruma.

Yule bwana peke yake hakucheka, au labda alicheka ndani kwa ndani. Aliandika mistari michache, akaniita pembeni.

"Mwalimu, ukiwa juu kule, kuna sauti itakuuliza wewe ni nani. Humwoni anayekuuliza. Pengine humjui kabisa. Utamjibu jina la nani?"

Nikasema, "Langu, mzee."

"Haya," akasema, "nitaandika nilichokiona." Akapanda pikipiki yake, viatu bado vinang'aa, akateremka Masasi.

Orodha ya waliochaguliwa ilitoka baada ya mwezi. Mwalimu Namwele ndiye aliyenisomea kwenye simu yake ofisini, akaisoma kutoka juu kwenda chini, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina langu lingekuwa linatembea, kisha akaizima simu akaniwekea mkono begani asiseme methali yoyote. Nilimweleza kila kitu siku hiyo, mpaka lile la kutumia jina lake. Akauliza, "Sasa pale ghalani, mimi nilisema wewe ni mlevi?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka chai ikamwagika, na ile iliyobaki akanimiminia. Nikainywa kabla yake. Miezi yangu saba imeshakwisha, kwa hiyo ndege zinapopita juu ya Masasi natazama tu kama nyinyi.

Aliyeniumiza zaidi ni Mama. Jumapili tatu mfululizo alikwenda kanisani na hakusogea mezani kwa Bwana kupokea sakramenti, wenzake wanapanga mstari, yeye kainama kwenye benchi. Nilipokwenda Makote kumuuliza, akaniambia, "Nilikukana mara tatu, mwanangu. Nyumbani, na mbele ya watu, na usoni kwako. Na jogoo akawika. Petro naye alilia, lakini Petro hakuwa mama wa ntu."

Nikamwambia Mama, wewe ulinikana kwa sababu nilikuomba, na ulikuwa unalia. Mimi nilijikana kabla yako, nacheka, na hakuna aliyeniomba. Jumapili iliyofuata nilikaa naye benchi moja, na wito ulipokuja tukasimama wote wawili. Tulipofika mbele, padri (mgeni, ndio kwanza amehamia) akainama akaniuliza kwa sauti ya chini jina langu nani. Nikamtajia yote matatu, na kijiji, na jina la mama yangu, kwa sauti ambayo hata Mama Asumini, benchi la mwisho kabisa, aliisikia.